Kabla ya Injini, Breki: Namna ya Kuichagulia Breki Baiskeli Iliyofungwa Injini

Asubuhi na mapema barabara ya Kilwa, upande wa Mbagala, hujaa vyombo vya kila namna: mabasi, malori, bajaji, bodaboda, maguta na baiskeli. Hali ni hiyo hiyo katika barabara ya Bagamoyo, kutoka Bunju na Tegeta hadi Mwenge. Miongoni mwa vyombo hivyo, mara moja moja hupita kimoja ambacho ni vigumu kukiweka katika kundi lolote. Fremu yake ni ya baiskeli ya kawaida, ile nyeusi ya magurudumu makubwa. Pedali zipo na mnyororo upo. Lakini katikati ya fremu pamefungwa injini ndogo, na juu ya bomba la fremu limekaa tangi la petroli lenye ujazo wa lita mbili hivi.

Sababu ya kuwapo kwa chombo hiki si ngumu kuielewa. Mchuuzi wa samaki anayechukua bidhaa yake Kunduchi, au kijana anayekwenda kazini Tandika kutoka Chamazi, hana fedha za kununulia pikipiki. Baiskeli anayo. Injini ndogo ya kufunga, ambayo huuzwa ikiwa imekamilika pamoja na mnyororo na tangi lake, humgharimu sehemu ndogo tu ya bei ya pikipiki. Fundi wa mtaani huifunga kwa siku moja, na jioni ile ile chombo huwa barabarani.

Katika kazi hiyo ya siku moja, maswali mengi huulizwa kuhusu injini. Je, itawaka upesi? Itapanda mlima wa Kimara? Inakula petroli kiasi gani? Swali moja aghalabu huachwa mpaka mwisho, au halilizwi kabisa: je, chombo hiki kitasimamaje? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kutumia fizikia inayofundishwa katika shule za sekondari, na kumwonyesha msomaji kwamba uchaguzi wa breki unapaswa kutangulia ununuzi wa injini.

Breki hufanya kazi gani hasa?

Watu wengi husema kwamba breki huzuia gurudumu. Kauli hiyo si ya uongo, lakini haitoshi. Kitu chochote kinachokwenda kina nishati-mwendo. Nishati haipotei, hugeuka tu kutoka hali moja kwenda nyingine. Kwa hiyo ili chombo kisimame, nishati-mwendo yake yote lazima igeuzwe kuwa nishati ya namna nyingine. Breki ni mtambo wa kugeuza nishati-mwendo kuwa joto kwa njia ya msuguano.

Nishati-mwendo hupatikana kwa kuzidisha nusu ya tungamo kwa kipeo cha pili cha kasi:

N = ½ × m × v × v

Hebu tuitumie kanuni hii. Tuseme mpanda baiskeli ana kilo 65 na baiskeli yake kilo 20. Jumla ni kilo 85. Anakwenda kwa kasi ya kilometa 15 kwa saa, yaani mita 4.17 kwa sekunde. Nishati-mwendo yake ni jouli 740 hivi.

Sasa mtu yule yule afunge injini. Injini, tangi na petroli vinaongeza kilo 15, na jumla inakuwa kilo 100. Kasi inapanda hadi kilometa 40 kwa saa, yaani mita 11.1 kwa sekunde. Nishati-mwendo inakuwa jouli 6,170 hivi.

Msomaji aziangalie tarakimu hizo mbili kwa makini. Uzito umeongezeka kidogo tu. Kasi haijafika hata mara tatu ya ile ya kwanza. Lakini nishati ambayo breki zinatakiwa kuigeuza kuwa joto imeongezeka zaidi ya mara nane. Sababu ni kile kipeo cha pili: kasi ikizidishwa mara mbili, nishati huzidi mara nne, kasi ikizidishwa mara tatu, nishati huzidi mara tisa. Breki zilizotosha jana kwa baiskeli ya kukanyaga leo zimepewa kazi ya breki nane, na hakuna aliyeziuliza kama zinaiweza.

Umbali wa kusimama

Mpandaji anapoona mtoto akikimbilia barabarani, mambo mawili hufuatana. Kwanza hupita muda kabla mkono haujavuta breki. Tuukadirie muda huo kuwa sekunde moja, ambamo chombo huendelea kwa kasi ile ile. Pili, breki hukamata na kasi huanza kupungua.

Kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, kiitwacho ISO 4210, kinataka baiskeli ya mjini iliyo katika kasi ya kilometa 25 kwa saa iweze kusimama ndani ya mita 7 pakiwa pakavu, breki zote mbili zikitumika. Ukipiga hesabu utaona kwamba kasi inatakiwa ipungue kwa mita 3.4 kwa sekunde katika kila sekunde. Tuchukue kwamba breki zetu ni nzuri kiasi hicho.

Kwa kasi ya kilometa 15 kwa saa, mpandaji hupita mita 4.2 kabla hajavuta breki, kisha mita 2.6 akiwa amevuta. Jumla ni chini ya mita 7. Kwa kasi ya kilometa 40 kwa saa, hupita mita 11.1 kabla hajavuta breki, kisha mita 18.2 akiwa amevuta. Jumla ni mita 29, zaidi ya urefu wa uwanja mzima wa mpira wa kikapu, ambao ni mita 28.

Na hayo ni kwa breki nzuri, barabara kavu, na mpandaji aliye macho. Katika njia za vitongojini, ambako nyumba, meza za biashara na watoto wa shule viko kandokando ya barabara, mita 29 ni umbali mrefu mno.

Gurudumu la mbele na gurudumu la nyuma

Katika vitongoji vyetu si ajabu kuiona baiskeli iliyoondolewa breki ya mbele. Ukimwuliza mwenyewe sababu, hujibu kwamba breki ya mbele humwaga mtu. Hofu hiyo ina chembe ya ukweli, lakini hitimisho lake ni la hatari.

Chombo kinapopunguza kasi, uzito huhamia mbele. Abiria wa basi wanalijua jambo hili: dereva akikanyaga breki ghafla, wote huinama mbele. Katika baiskeli gurudumu la mbele hukandamizwa zaidi, na la nyuma huwa jepesi. Kwa kuwa msuguano kati ya tairi na barabara hutegemea jinsi tairi linavyokandamizwa, gurudumu la nyuma hupoteza uwezo wake wa kusimamisha wakati ule ule ambapo uwezo huo unahitajiwa. Likibanwa zaidi, huacha kuzunguka na kuburuzika.

Kwa baiskeli ya kawaida na mpandaji mmoja, breki ya nyuma peke yake haiwezi kupunguza kasi kwa zaidi ya mita 2.5 hivi kwa sekunde katika kila sekunde, hata iwe imara namna gani. Breki ya mbele inaweza kufikisha kama 5.5 kabla gurudumu la nyuma halijaanza kuinuka. Kwa kasi ya kilometa 40 kwa saa, mipaka hiyo ina maana ya mita 25 kwa breki ya nyuma na mita 11 kwa breki ya mbele, bila kuhesabu ile sekunde ya kwanza.

Kwa hiyo breki ya mbele ndiyo breki kuu, na ya nyuma ni msaidizi wake. Anayeogopa kumwagwa ajifunze kuivuta polepole na kwa kuiongeza nguvu, huku ameegemea nyuma kidogo. Kwenye mchanga mwingi, kama ule wa njia za ndani za Toangoma au Mabwepande, ni kweli kwamba gurudumu la mbele likibanwa huteleza na kumwangusha mtu. Dawa ya mchanga ni kupunguza kasi kabla ya kuufikia. Kuing'oa breki ya mbele hakumsaidii mtu siku atakapokuwa kwenye lami.

Masika na rimu za chuma

Baiskeli nyingi nyeusi za magurudumu makubwa zina rimu za chuma kilichong'arishwa, na breki zake huendeshwa kwa fito za chuma zinazozivuta raba mbili zigusane na rimu. Kwa muda mrefu breki hizo zimewatumikia watu vizuri. Hazina waya wa kukatika, na fundi yeyote anaweza kuzirekebisha.

Udhaifu wake hujitokeza mvua inyeshapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, majaribio yaliyofanywa katika chuo cha MIT nchini Marekani yalionyesha kwamba msuguano kati ya raba ya kawaida na rimu ya chuma iliyong'arishwa, ikiwa imelowa, hushuka hadi chini ya moja ya kumi ya ule wa rimu kavu. Maji hukaa kati ya raba na chuma laini kama mafuta.

Tuirudie hesabu yetu. Breki iliyokuwa ikipunguza kasi kwa mita 3.4 sasa inapunguza kwa mita 0.34. Kwa kilometa 15 kwa saa, umbali wa breki unakuwa mita 26 badala ya 2.6. Jambo hilo ni la hatari, lakini mpandaji anaweza hata kushusha miguu na kujizuia. Kwa kilometa 40 kwa saa umbali unakuwa mita 181. Hesabu hii ni ya kukadiria: upepo nao hupunguza kasi, na raba hufuta maji kidogo kidogo gurudumu linapozunguka. Hata hivyo, msomaji anaiona maana yake. Dar es Salaam hupata masika kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Chombo ambacho hakiwezi kusimama kwenye mvua si chombo cha mji huu.

Rimu za alumini ni bora zaidi. Zikilowa nazo hupoteza sehemu ya nguvu zake, lakini si kwa kiasi hicho, na hukauka upesi raba zinapozigusa. Kasoro yake ni kwamba alumini ni laini. Mchanga wetu ukinasa katika raba huilamba rimu kama msasa. Rimu iliyobonyea ubavuni, ambayo kidole huhisi shimo kinapopitishwa juu yake, imekwisha kuwa nyembamba na inaweza kupasuka kwa nguvu ya upepo wa tairi.

Breki zipatikanazo na sifa zake

Bei za vipuri hubadilika kila mara, kwa hiyo tutazipanga breki kwa sifa, na kutaja tu ipi ni rahisi na ipi ni ghali.

Breki ya kukanyaga nyuma imo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na hufanya kazi mpandaji anapozirudisha pedali. Mvua haiifikii. Mwaka 1950, kampuni ya Cyclemaster ya Uingereza ilipoanza kuuza gurudumu la nyuma lenye injini ndani yake, kitovu chake kilikuwa na breki ya namna hii. Lakini injini ile ilikuwa na sentimeta za ujazo 25.7 tu, na kasi yake ilikuwa ya wastani. Breki hii ina mipaka mitatu. Ni ya nyuma peke yake. Mnyororo wa pedali ukianguka, breki nayo imetoweka. Na ikitumika mfululizo kwenye mteremko mrefu hupata joto mpaka grisi iliyomo huungua. Inafaa kuwa breki ya pili, haifai kuwa ya pekee.

Breki ya mkanda huonekana sana katika magurudumu ya nyuma ya baiskeli za mtumba zitokazo Japani. Mkanda wa chuma wenye kitambaa cha msuguano huizunguka ngoma ndogo na kuibana. Ni rahisi kuipata na hailowi upesi, lakini hupiga kelele, hupoteza nguvu ikipata joto, na hukamata vizuri gurudumu likizunguka upande mmoja tu. Nayo ni ya kuwekwa nyuma.

Breki za raba zinazovutwa kwa waya zipo za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya koleo, inayofungwa kwa boliti moja juu ya uma. Ya pili ina mikono miwili mirefu, kila mmoja umefungwa kwenye mguu wake wa uma, na huvutwa kwa waya unaopita juu ya tairi. Aina hii ya pili ina nguvu zaidi kwa sababu mikono yake mirefu ni wenzo mzuri. Ikiwekwa pamoja na rimu ya alumini iliyonyooka na raba nzuri, ndiyo breki ya bei ndogo inayofaa kuliko zote kwa gurudumu la mbele. Rimu ni kubwa na hupokea joto bila taabu: zile jouli 6,170 zikiingia zote katika rimu ya alumini ya nusu kilo huipandisha joto nyuzi 14 tu za Selsiasi.

Breki ya ngoma, iliyobuniwa na Louis Renault wa Ufaransa mwaka 1902 kwa ajili ya motokaa, ina viatu viwili ndani ya ngoma ya chuma. Viatu hivyo hutanuka na kuigusa ngoma kwa ndani. Hailoweshwi na mvua wala haiingiwi na mchanga kwa urahisi, na viatu vyake hudumu muda mrefu. Ndiyo maana pikipiki nyingi ndogo hadi leo zinaitumia. Lakini msomaji akumbuke kanuni ya wenzo. Ngoma yenye nusu kipenyo cha sentimeta 4.5 inalizuia gurudumu lenye nusu kipenyo cha sentimeta 35. Kwa hiyo kani ya msuguano ndani ya ngoma lazima iwe karibu mara nane ya ile inayotakiwa kwenye tairi. Kani hiyo yote hupita katika spoki, na huulazimisha mhimili nao ujaribu kuzunguka. Kwa sababu hiyo gurudumu la breki ya ngoma linahitaji spoki nene zilizopishanishwa vizuri, na ule mkono wa chuma unaotoka katika bamba la breki lazima ufungwe imara kwenye uma. Ukifunguka, breki inaweza kuupinda uma pale pale inapovutwa.

Breki ya diski ina nguvu nyingi hata kwenye mvua, lakini huleta masharti. Uma lazima uwe na mahali palipotengenezwa kwa ajili yake. Kuchomelea kipande cha chuma kwenye uma mwembamba wa baiskeli ya zamani ni kuudhoofisha mahali pale pale utakapobeba mzigo mkubwa. Aidha, diski ndogo ya baiskeli ina chuma kidogo. Zile jouli 6,170 zikiingia zote katika diski moja ya gramu 120 huipandisha joto nyuzi 100 na zaidi, kwa kusimama mara moja tu. Mwenye baiskeli iliyotoka kiwandani na breki za diski mbele na nyuma ana bahati. Mwenye baiskeli nyeusi ya kawaida asizilazimishe.

Mkono mmoja uliopungua

Kuna jambo dogo ambalo wajenzi wengi huligundua kazi ikiwa imekwisha. Usukani wa baiskeli una nafasi mbili za mikono ya breki. Injini ya kufunga huja na mkono wa klachi, ambao hukaa kushoto, na kishikio cha kuongezea mafuta, ambacho hukaa kulia. Mkono wa breki wa kushoto huondolewa kuipisha klachi. Hivyo ndivyo chombo chenye nishati mara nane hubaki na breki moja badala ya mbili.

Njia za kulitatua ni tatu. Ya kwanza ni kutumia breki ya kukanyaga nyuma kwa gurudumu la nyuma, na kuuacha mkono wa kulia kwa breki ya mbele. Lakini kabla ya kuichagua, hakikisha kwamba gia kubwa ya mnyororo wa injini inaweza kufungwa kwenye kitovu hicho bila kuugusa mkono wa breki unaotoka pembeni mwake. Njia ya pili ni kununua mkono mmoja unaovuta waya mbili kwa pamoja. Hapo ni lazima kila waya uwe na skrubu yake ya kurekebishia, ili breki ya mbele isicheleweshwe na ya nyuma. Njia ya tatu ni kuiweka klachi na breki ya nyuma zote kushoto, kila moja na mkono wake, mmoja juu ya mwingine. Katika njia zote tatu, breki ya mbele ibaki upande wa kulia, ambako mkono unapokiachia kishikio cha mafuta hufika kwenye breki bila kutafuta.

Jaribio la ndoo na mizani

Je, mtu atajuaje kama breki alizo nazo zinatosha, bila kuyaweka maisha yake rehani barabarani? Lifuatalo ni jaribio linaloweza kufanywa katika uwanja wa shule, mwalimu akiwapo, kwa baiskeli isiyokwenda popote.

Vifaa: baiskeli, kamba, ndoo, maji, na mizani ya kuning'iniza inayotumiwa sokoni, yenye uwezo wa kilo 25 au zaidi.

Kwanza, funga fremu imara kwenye nguzo mbili ili magurudumu yasiguse ardhi na baiskeli isiyumbe. Pili, legeza skrubu ya mkono wa breki na uuzungushe mpaka ukae juu ya mpini, kisha uikaze. Tundika kwenye mkono huo, mahali vidole vinaposhika, ndoo yenye lita 15 za maji. Maji hayo yana uzito wa kilo 15 na huwakilisha mkono wa mtu mzima anayevuta kwa nguvu. Kwa breki za fito, ambazo mkono wake huvutwa kwenda juu, pitisha kamba ya ndoo katika kapi. Tatu, funga kamba nyembamba kwenye spoki karibu na rimu, izungushe nusu ya chini ya tairi, na uiunganishe na mizani. Nne, vuta mizani polepole mpaka gurudumu lianze kuzunguka, na usome kilo wakati likizunguka. Rudia mara tano na utafute wastani. Fanya hivyo kwa gurudumu la mbele na la nyuma. Mwisho, mwagia rimu maji na upime tena mara tu baada ya kumwaga.

Sasa tuyafasiri matokeo. Ili kasi ipungue kwa mita 3.4 kwa sekunde katika kila sekunde, kani inayohitajika ni karibu theluthi moja ya uzito wote wa chombo, mpandaji na mzigo. Kwa jumla ya kilo 100, breki mbili zikijumlishwa zinatakiwa kuonyesha kilo 35 kwenye mizani. Mgawanyo mzuri ni kilo 20 au zaidi kwa mbele, na 15 hivi kwa nyuma. Zikiwa zimelowa, tunashauri jumla isishuke chini ya moja ya tano ya uzito wote, yaani kilo 20.

Kanuni hii ya theluthi ndiyo tunayotaka msomaji aondoke nayo. Inahesabu pia abiria na mzigo: mwenye kubeba kreti la samaki la kilo 50 ana jumla ya kilo 150, na breki zake zinatakiwa kuonyesha kilo 50. Zikishindwa, injini na isubiri.

Uamuzi wa mwenye fedha kidogo

Kwa mjenzi wa kawaida wa Temeke au Kinondoni, mpango unaofaa ni huu. Gurudumu la mbele liwe na rimu ya alumini na breki ya mikono miwili ya waya, au, ikipatikana pamoja na uma wake imara, breki ya ngoma. Gurudumu la nyuma liwe na breki ya ndani ya kitovu, ya kukanyaga au ya ngoma, isiyojali mvua. Rimu za chuma na breki za fito zibaki kwa baiskeli za kukanyaga. Waya za breki zikaguliwe kila wiki, kwa maana hewa ya chumvi ya pwani huzila kwa ndani ya mfuniko wake, mahali pasipoonekana. Waya wenye uzi mmoja uliokatika ubadilishwe siku hiyo hiyo.

Ikiwa fedha hazitoshi kwa breki na injini pamoja, zinunuliwe breki kwanza. Baiskeli yenye breki nzuri na isiyo na injini bado ni chombo cha kufaa. Yenye injini na isiyo na breki haifai hata kuwashwa. Mwenye shaka aipeleke kazi yake kwa walimu wa ufundi, kama wale wa chuo cha VETA Chang'ombe, waitazame. Vilevile aulize kwa polisi wa usalama barabarani na Mamlaka ya Mapato kuhusu usajili na leseni, kwani chombo kikishatiwa injini hakihesabiwi kuwa baiskeli tu, na kofia ngumu ni ya lazima.

Injini humnufaisha mwenye chombo peke yake. Breki humlinda yeye, na humlinda pia mtoto anayevuka barabara ya Kilwa na daftari mkononi, ambaye hakuulizwa lolote wakati baiskeli hiyo ilipokuwa ikijengwa.

Maswali kwa wanafunzi

1. Baiskeli ya injini na mpandaji wake wana jumla ya kilo 120. Tafuta nishati-mwendo kwa kasi ya kilometa 20, 30 na 40 kwa saa. Chora grafu ya nishati dhidi ya kasi, na ueleze kwa nini si mstari ulionyooka.

2. Mpandaji anaweza kuona mita 20 tu mbele yake kwa sababu ya kona. Muda wake wa kutanabahi ni sekunde moja, na breki zake hupunguza kasi kwa mita 3.4 kwa sekunde katika kila sekunde. Asizidishe kasi gani?

3. Katika jaribio la ndoo, breki ya mbele ilionyesha kilo 16 na ya nyuma kilo 14. Chombo, mpandaji na mzigo vina jumla ya kilo 110. Je, ungeruhusu injini ifungwe? Toa sababu.

4. Fundi amepaka mafuta kidogo kwenye rimu ili breki zisipige kelele. Mweleze kosa lake kwa kutumia kanuni za msuguano.